Viatu Vilibaki Mlangoni

Ghala la zamani la jeshi hapa Bukoba siku hizi ni ukumbi wa picha za mwanga. Zamani, hata kuchungulia geti lake ilikuwa kujitafutia balaa. Nilimleta mama yangu kutoka Nshamba, naye akapita getini kifua mbele.

Ndani, mitambo ilimulika kuta zikawa migomba, na sakafu ikawa nyasi mbichi, kama zile tunazotandika nyumbani wageni wanapokuja. Mama akasimama ghafla pale mlangoni, akavua viatu.

Binti aliyekuwa akituongoza akacheka. "Mama, vaa tu. Hizo ni picha."

"Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Nyumba iliyotandikwa nyasi haikanyagwi kwa viatu!"

Nikavua vyangu, nikavibwaga kwa kishindo ili binti asikie. Wazee waliokuwa nyuma yetu wakavua. Wakafuata wengine wote, mpaka watalii. Mwishowe binti mwenyewe akainama kufungua kamba zake.

Mama akakatiza katikati ya zile nyasi akipiga vigelegele. Miaka yote ghala lile lilijua mlio wa buti tu. Siku ile viatu vyote vilingoja mlangoni, na wenye viatu tukamfuata mama pekupeku.