Mstari Mweupe Kichwani kwa Mkwe

Fundi picha wa nyumba ya kona alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kunoa picha. Mpelekee picha ya mtoto wako, anakurudishia mtoto ambaye kope zake unaweza kuzihesabu. Wateja walipenda sana. Mkewe ndiye alikuwa amechoka, maana katika picha yao ya ukutani ana makunyanzi ambayo, naapa, usoni mwake hayapo.

Sasa, mtu anayeshika kamera kila sherehe, yeye mwenyewe atatokea wapi? Nyumbani kwao mkewe, albamu nzima haikuwa na hata sikio lake. Mama mkwe alishaanza kusema, tena si kwa utani, kwamba binti yake kaolewa na mtu asiyehudhuria. Maneno hayo yalimchoma fundi, kwa sababu alihudhuria zote, kasimama juani jicho moja kalifumba, na chakula akakipata sufuria zikishakwanguliwa.

Siku moja akakuta kwenye simu yake picha aliyotumiwa na jirani aliyekwisha kuhama, iliyopigwa siku ya mahafali ya shemeji yake mdogo. Familia nzima imejipanga, na kule nyuma, pembeni, kichwa cha fundi! Moyo ukamruka. Akaapa kuikuza iwe kubwa, aitundike sebuleni kwa mama mkwe, maneno yaishe.

Hapo ndipo uroho ulipomponza. Picha ilikuwa ndogo, na kuikuza kukazivimbisha nyuso kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Basi akanoa. Kunoa ni hivi: mashine inatafuta mahali giza linapokutana na mwanga, giza inalizidishia giza, mwanga inauzidishia mwanga, nawe unadhani umeona vizuri. Ukipitiliza, ukingoni unabaki mstari mweupe. Wenzake walisongamana mbele ya mlango wa kahawia, kwao haukuonekana sana. Lakini kichwa chake kilichungulia juu ya ukuta wa krimu, na mstari ukakizunguka chote. Yeye hakuuona, alikuwa bado anazifurahia kope zake.

Sebuleni, karatasi ilipofunuliwa, shemeji mkubwa alisogea, akapitisha kidole kuzunguka kile kichwa, kisha akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama kazi ya kubandika watu huwa inachukua muda. Watu wakavunjika mbavu. Fundi akajitetea kwa mambo ya mwanga na kingo, na kadiri alivyoonyesha utaalamu ndivyo alivyozidi kujizika, maana ni nani mwingine mle ndani aliyekuwa na uwezo wa kujibandika? Akatoa ile ndogo kwenye simu. Wakasema hiyo nayo imetoka kwake vile vile. Mama mkwe pekee hakucheka.

"Si ungesema tu hukuja, baba," alisema.

Kesho yake akaanza upya. Akaikuza kidogo kidogo badala ya kuivuta kwa mkupuo, akaushusha ule unoaji, akaupaka machoni na midomoni tu, kingo za vichwa asiziguse. Vidole vilimwasha kama mtu aliyekatazwa sukari. Mstari ukatoweka, na kope nazo zikaenda zake. Akabaki mtu wa kawaida, laini kidogo, nusu ya uso imefichwa na bega la shemeji mkubwa, shavu limejaa chakula. Aibu tupu. Akaipeleka hivyo hivyo.

Safari hii mama mkwe alivaa miwani. Akaisogelea picha, huku shemeji mkubwa ameshatanguliza kidole.

"Toa kidole chako," mama akamwambia mwanawe. "Mtu wa kujibandika angejibandika kwenye kiti, hapa karibu na mimi, tena mdomo ameufunga. Huyu kasukumwa nyuma ya bega lako, na hatukumwambia asogee."

Shemeji mkubwa akaliangalia bega lake mwenyewe. Mama akamgeukia mkwewe.

"Ulikuwepo, mwanangu. Sisi ndio hatukukuona."

Fundi alianza kueleza jambo fulani kuhusu kingo, akaliacha njiani. Akainama kutafuta msumari wa kuitundikia sakafuni, na msumari alikuwa nao mkononi.