Nilivalisha gripu za baiskeli ya baba kwa samli, akaanguka, lawama wakaupa uzee

Wakuu, nawasalimu wote, na walionizidi umri shikamooni.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipangia sehemu nzuri zaidi, maana kwenye kisa hiki mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mimi ni nesi, nafanya kazi kwenye zahanati moja upande wa Basotu, Hanang. Nyumbani kwetu ni Nambis, kule Mbulu. Mama alishatangulia, baba yupo. Ana miaka sabini na kitu. Hiyo sabini anaitaja vizuri tu, ila hicho kitu hakitaji.

Baba ni katekista. Padri hafiki kigangoni kwetu kila Jumapili, kwa hiyo ibada anaongoza yeye. Anaenda na baiskeli yake nyeusi ya chuma, zile nzito za zamani. Unashuka mteremko mrefu, unavuka bonde, halafu unasukuma kupanda mpaka kanisani. Miaka yote hajawahi kuchelewa, na anapenda watu wakumbuke hivyo.

Sasa muelewe kitu kimoja kuhusu huyu mzee.

Kwetu shikamoo haipiti hivi hivi. Ukiamkiwa unaitikia, na baba haitikii kwa mdomo tu. Ananyanyua mkono wa kulia juu kabisa, "Marahabaaa!", hata kama yuko katikati ya mteremko. Na Jumapili njia nzima ni watoto na akina mama wanaomwamkia katekista. Kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unabaki na baiskeli yote.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Mwaka jana nilienda likizo nikakuta gripu za baiskeli zimechakaa. Gripu ni ile mipira ya kushikia kwenye ncha za usukani. Zilikuwa zimepasuka na jua mpaka zinaacha weusi viganjani. Baba akitoa mkono kwa waumini, waumini wanaondoka na alama.

Nikaenda Mbulu mjini nikanunua mpya, nzuri, nene, zenye vijibonde vya kukalia vidole. Nikamwambia baba nitazifunga mwenyewe. Akaniuliza, "Unaweza?"

Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma, "Baba, mimi nachoma watoto sindano za mishipa, nishindwe na mpira?"

Wakuu, nilishindwa na mpira.

Gripu mpya ni nyembamba ndani kuliko usukani, na imetengenezwa hivyo makusudi ili ibane. Mimi sikujua. Nikasukuma, nikazungusha, nikakalia baiskeli, nikaipigia magoti. Imeingia nusu, imekwama. Haiendi mbele wala hairudi. Viganja vimeiva.

Ndipo nikakumbuka samli.

Kwa wasiotujua, nyumbani kwetu samli ni jibu la kila swali. Mlango ukilia, samli. Mkanda wa ngozi ukikakamaa, samli. Kikohozi, samli. Pete ikigoma kutoka kidoleni, samli. Marehemu mama alilea watoto sita na kibuyu kimoja cha samli. Mimi ni nesi mwenye cheti ukutani, lakini mkono wangu ulienda kwenye kibuyu wenyewe.

Nikapaka usukani, nikapaka na ndani ya gripu. Ziliingia raha mustarehe! Sekunde mbili, zote mbili. Nikafuta iliyovuja, nikajisifu.

Kesho yake asubuhi nikazijaribu kabla sijasafiri. Nambis asubuhi mnaijua, au kama hamuijui, ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Nikavuta gripu, haitoki. Nikazungusha, imekaa kama msumari. Baba naye akajaribu, akasema, "Kumbe unaweza." Nikapanda gari kurudi Basotu nikiwa na furaha yangu.

Kilichokuwa kimeshika pale haikuwa gripu, wakuu. Ni samli iliyoganda.

Jumapili asubuhi baba akaenda kanisani salama, baridi ipo. Akaongoza ibada, watu wakatoka, baiskeli ikabaki imeegeshwa juani. Saa saba mchana anarudi. Ameanza kushuka, akakutana na mama mmoja na wanawe. "Shikamoo katekista!" Mkono wa kulia juu. "Marahaba..."

Mkono wa kushoto ukaondoka na gripu.

Yule mama anasema alimwona katekista akipita hewani, mkono mmoja umenyanyuliwa kubariki, mwingine umeshika kipande cha mpira. Akaishia kwenye shamba la maharage. Biblia iliwahi kutua kabla yake.

Tunacheka sasa hivi kwa sababu alipona. Siku ile sikucheka. Nilipigiwa simu. Niliomba ruhusa, nikaenda, nikampima mwenyewe kila kiungo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka na goti limechubuka. Mfupa haukuvunjika, Mungu mkubwa.

Kaka yetu mkubwa, Paulo, naye alifika kutoka Babati. Ni mtu mwema sana, ila akishaamua jambo amelipigia mhuri. Akatuweka kikao sebuleni baada ya chakula.

"Baba umezeeka," akasema. "Mikono haina nguvu ya kushika usukani. Baiskeli basi."

Baba alikuwa amekaa na bendeji yake. Akanitazama mimi, kidogo tu. Halafu akatazama chini.

Wakuu, pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo.

Sikufungua. Niliona aibu. Mbele ya shangazi, mbele ya wake wa kaka zangu, nesi mzima niseme nilipaka usukani samli kama napika? Nikajiambia nitamwambia kaka pembeni. Pembeni haikufika. Kaka akaingiza baiskeli kwenye stoo ya mahindi, akapiga kufuli, ufunguo akaondoka nao Babati.

Jumapili zilizofuata baba akawa anaenda kwa miguu. Kwa goti lile. Jumapili ya kwanza alifika wimbo wa mwanzo umeshaimbwa. Ya pili, mwalimu wa kwaya alikuwa ameanza kuongoza ibada badala yake. Ya tatu watu wakaanza kumwonea huruma, na hicho ndicho baba asichokiweza. Nikimpigia simu haniambii chochote kibaya. Ananiuliza tu, "Hivi panya wanakula tairi?"

Nikawa silali vizuri. Kila mtu anasema uzee, uzee, na mimi najua ni samli.

Huku Basotu kuna watu wanaobeba samaki kwa baiskeli kutoka ziwani. Siku moja alikuja mmoja zahanati kusafishwa kidonda cha mguu, anaitwa Gidamis. Baiskeli yake ameegesha mlangoni, tenga nyuma, usukani unang'aa magamba. Nikajiuliza, huyu mtu mikono yake ina utelezi wa samaki kutwa nzima, mzigo mzito, njia mbovu. Mbona yeye gripu hazichomoki?

Nilipomaliza kidonda nikaenda nikazivuta. Hazikusogea hata unywele.

Nikamuuliza anazifungaje. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikaona huyu si ndugu yangu, nikamsimulia yote.

Yule bwana alicheka mpaka nikahofia kidonda chake.

"Nesi, samli? Ulitaka kukaanga mkono wa mzee?"

Halafu akanifundisha, tena kwa adabu kabisa. Akaniambia mafuta ya aina yoyote, samli, grisi, ya kupikia, ya kujipaka, hayaondoki. Yataingiza gripu leo na yataitoa kesho, na mpira wenyewe yanaulainisha mpaka unaharibika. Kinachotakiwa ni kitu chenye utelezi kwa dakika chache halafu kinakauka na kupotea kabisa.

"Na wewe unacho humu ndani," akasema, akaninyooshea kidole chupa mezani kwangu.

Spiriti! Ile ile ninayofutia ngozi kabla ya sindano, kila siku ya Mungu. Mimi ndiye niliyetakiwa kumfundisha yeye.

(Ya zahanati sikuigusa, msije mkanianzishia uzi mwingine. Nilinunua yangu duka la dawa.)

Nikanunua na gripu mpya, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zimevimba kwa samli. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa kimoja. Baiskeli ilikuwa stoo, ufunguo Babati. Na kaka Paulo hatoi ufunguo bila sababu.

Nikawaza uongo wa aina tatu hivi. Wote ulikuwa unamwacha baba akiwa mzee asiyeweza kushika usukani.

Basi siku ya mapumziko, mchana kweupe, nikaingia group la familia, watu ishirini na moja, nikaandika: "Baba hakuanguka kwa uzee. Nilifunga gripu kwa samli, jua likaiyeyusha. Kosa ni langu, na nilinyamaza kwenye kikao. Naombeni msamaha, na naomba ufunguo."

Nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kufua.

Niliporudi, shangazi alikuwa ameandika "Samli???" mara nne. Binamu mmoja aliuliza kama ilikuwa na chumvi. Kaka Paulo hakuandika kitu mpaka jioni, halafu akaandika neno moja: "Jumamosi."

Jumamosi tukakutana Nambis. Kaka akafungua stoo. Baba akaleta kigoda chake akakaa karibu, kama amekuja kukagua.

Gripu iliyobaki ilitoka yenyewe kama soksi. Nikaosha ncha za usukani kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikakausha. Nikachukua pamba na spiriti nikafuta, pamba ikatoka na njano. Nikafuta tena, na tena, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Gidamis alinisisitizia hapo kuliko popote: usukani ukibaki na mafuta kidogo tu, kazi yako yote ni bure.

Halafu nikamimina spiriti kidogo ndani ya gripu, nikaitikisa ienee, nikamwaga iliyobaki. Hapo hakuna kupokea simu. Unaiweka, unasukuma huku unazungusha, kwa pumzi moja mpaka mwisho, maana spiriti ikikauka gripu ikiwa katikati, imekwama hapo hapo. Ya kulia ikaingia safi. Ya kushoto ikaenda upande kidogo, nikaiweka sawa haraka kabla haijang'ang'ania. (Msifanye karibu na jiko, spiriti inawaka.)

Kaka alikuwa anaangalia. Akasema, "Ndiyo hivyo tu?"

Nikamwambia ndiyo hivyo, ila haiguswi mpaka kesho. Na safari hii nitaijaribu mchana, juani, siyo asubuhi.

Hapo baba akacheka. Akasema, "Mimi nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Tangu siku ile ulipoondoka, paka alikuwa analamba usukani. Asubuhi yupo, jioni yupo. Paka halambi mpira."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao, akakubali kuitwa mzee asiye na nguvu, akakubali mpaka kunyang'anywa baiskeli.

Akasema, "Mimi ni mzee kweli. Waliosema hivyo hawakunisingizia. Lakini wewe ni nesi. Wakisema hujui kufunga mpira, nani atakuletea mtoto wake umfunge bendeji?"

Wakuu, nililia. Nasema wazi, nililia hapo mbele ya baiskeli. Kaka Paulo akajifanya anakagua mnyororo.

Jumapili asubuhi baiskeli tuliisukuma tu mpaka kanisani. Mchana, kabla baba hajaondoka, nilishika gripu iliyokuwa juani tangu ibada inaanza nikaikamua kama nguo mbichi. Haikusogea. Kaka akajaribu kwa nguvu zake zote za Babati, haikusogea. Tukamruhusu mzee apande, sisi tukashuka nyuma yake kwa miguu, mimi nikiwa na mfuko wa bendeji endapo tu.

Pale pale kwenye shamba la maharage, yule mama wa siku ile alikuwa amesimama na wanawe. Nadhani walikuja kutazama. Wakamwamkia wote kwa pamoja, makusudi.

Mkono wa kulia ukaenda juu.

"Marahabaaa!"

Mkono wa kushoto ukabaki mahali pake. Akapita, akavuka bonde, akapotea kwenye kona bila kugeuka nyuma. Kaka akatoa ufunguo wa stoo mfukoni akanipa mimi. Akasema, "Kaa nao wewe, fundi."

Nilichojifunza ni hiki. Gripu ikigoma kuingia usiipake mafuta, hata kama kwenu mafuta ni urithi. Safisha usukani, tumia spiriti, subiri siku nzima, jaribu juani. Kama usukani umelika na gripu inacheza, Gidamis anasema uzungushie kwanza utepe mwembamba wa tyubu kuukuu. Na ukikosea kitu kikaumiza mtu mwingine, sema siku hiyo hiyo, hata kama shangazi yupo. Mimi nilichelewa wiki tatu, na aliyezilipa kwa miguu ni baba.

Mafundi na wenye baiskeli mliomo humu, karibuni mnikosoe au mniongezee mbinu zenu. Na kama kuna mwingine aliyewahi kupaka kitu cha jikoni kwenye chombo cha usafiri, ajitokeze, nisiwe peke yangu.

Baba hajambo, anawahi ibada. Aliyenuna ni paka.