Mguu wa Heri

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kukanyaga. Baba alikuwa fundi cherehani Nyamirambo, jijini Kigali, na kama wafanyabiashara wengi wa mtaa wetu aliamini kwamba anayeingia dukani wa kwanza ndiye anayeleta bahati ya siku nzima. Basi kila asubuhi alinitanguliza mimi, mguu wa kulia, bismillahi, ndipo atunge uzi kwenye sindano. Nilikuwa na mguu wa heri. Vita vilipoanza kaskazini mwa Rwanda na wateja wakapungua, hata muuza nyama wa jirani alianza kuniazima, akinilipa andazi. Niliringa mimi, we acha tu.

Kinyume changu alikuwa Mama Zena, mjane kutoka Bukavu, aliyezika mume na watoto wawili papa hapa Kigali. Watu walisema ana umwaku, mkosi unaoambukiza, na wakimwona asubuhi walivuka barabara. Nami nilivuka, tena kwa madaha.

Mwaka 1992 mama alijifungua mdogo wangu Idi. Walinitaka niwe wa kwanza kuingia chumbani, nikaingia. Hata arobaini haijatimia, homa ikamchukua. Siku ya tatu ya msiba nilimsikia shangazi akimwambia mama, "Ule mguu umegeuka." Baba alipofungua duka tena, alinipita mlangoni akaingia yeye.

"Wewe baki nje kwanza, Amina," alisema, bila kunitazama.

Nilibaki nje siku hiyo na zilizofuata. Muuza nyama naye hakuniita tena. Niliamini kabisa kwamba nimemuua mdogo wangu, nikausugua ule mguu kwa mchanga mpaka ukatoka damu.

Mama Zena ndiye aliyeiona ile damu. Aliniita, lakini nilisimama mbele ya mlango wake nikiogopa kukanyaga kizingiti, nisije nikamwongezea msiba.

"Ingia, mutoto yangu," alisema. "Huku kwangu haiko tena bahati ya kuharibisha."

Alinifunga kidonda kwa kitambaa, akanipa chai. Sikutaka kurudi nyumbani. Jioni, mvua ikinyesha, baba alikuja kunitafuta, akasimama uani akilowa.

"Amina, toka twende."

"Nikitoka utaniacha nje tena," nilimwambia, nikalia.

"Karibu chai, Baba Amina," alisema Mama Zena.

Baba alikitazama kile kizingiti muda mrefu. Nilimwona akichezesha midomo, anasoma dua. Kisha akavua viatu, akaingia, akaketi mkekani kando yangu na kupokea kikombe kwa mikono miwili.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba jioni ile baba aliachana na mambo ya mikosi. Si kweli. Mama Zena aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na hadi leo namlilia. Baba alinusurika, na mpaka uzeeni hakumpokea mteja wa kwanza bila kumkagua kutoka utosini hadi unyayoni. Zamani jambo hilo lilinikera. Sasa nina watoto wangu, na naliona vingine. Asiyeamini angeingia mle bila hata kufikiri. Baba aliingia akiamini kwamba anaiaga riziki yake, na bado aliingia.