Mama Pindo na sketi ya kukulia

"Kata, fundi. Nimekuja kukatiwa, sikuja kuhubiriwa."

"Sikati."

"Sketi ni zangu."

"Na mkasi ni wangu."

Ni asubuhi, na maduka ya jirani ndiyo kwanza yanafunguliwa. Ndani ya chumba chenye cherehani nne na meza moja ndefu, wanawake wawili wanavutania sketi mbili za shule. Upande huu yupo muuza viatu vya mtumba, gunia lake la bidhaa kaliegemeza mlangoni. Upande wa pili yupo fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, futi imening'inia shingoni, pini tatu kazibana midomoni. Anagomba bila kuzitoa.

Anachotaka muuza viatu ni sketi za binti yake mkubwa zipunguzwe zimtoshe mdogo, anayeingia kidato cha kwanza wiki ijayo. Binti mkubwa mwenyewe, mwenye miaka kumi na saba, ameketi kwenye benchi karibu na pazia la kujaribia nguo, anamnyonyesha mwanawe wa miezi sita. Madarasa ya juu yameshafunguliwa, na mwalimu mkuu ameshasema nafasi yake ipo, arudi hata leo. Sketi zikikatwa, hana cha kurudia.

"Huyu keshamaliza shule," mama anasema bila kumtazama. "Aliimaliza mwenyewe."

Mama Pindo anazitoa pini mdomoni, moja moja, anazichoma kwenye mto wake. Wanaomjua wanasema hapo ndipo ugomvi unapoanza kweli.

Jina lake amelipata kazini. Kila sketi ya shule anayoshona huiachia pindo pana, la kufumuliwa msichana akirefuka. Kiuno, lakini, hukishona kwa kipimo cha siku hiyo hiyo. Ni kwenye kiuno asikoelewana na wazazi. Wao wanataka sketi ya kukulia: inunuliwe mara moja, ifungwe kwa mkanda, idumu hadi kidato cha nne.

Muuza viatu aling'ang'ania kuliko wote. "Alinisimamia hapa hapa," anasimulia Mama Pindo. "Ongeza, ongeza. Nikamuuliza, mwenzangu, tunamshonea binti au tunashona turubai? Hakunisikia, nikaongeza."

Turubai hilo lilificha tumbo kwa miezi saba. Shuleni hakuna aliyeona, nyumbani hakuna aliyeona. Binti alikuwa akilegeza mkanda tundu moja baada ya jingine na kukaa kimya. Kliniki hakukanyaga. Alipofikishwa hospitali alikuwa na uchungu wa siku mbili, presha imepanda, damu pungufu. Akafanyiwa upasuaji.

"Mwili wa umri ule bado unajijenga," anasema muuguzi wa kliniki ya jirani. "Halafu unaubebesha kazi ya mtu mzima. Wapo ambao hatukuwawahi. Huyu tulimuwahi."

Ilianzaje? Mtaa una majibu yake: tamaa, simu, nguo fupi. Mama Pindo akisikia hilo la mwisho hucheka. "Sketi yenyewe ilimfika vifundoni. Nguo fupi ipi?"

Binti ana maelezo yake, na hayazungushi. Kila mwezi alikuwa akikosa masomo siku nne, tano, kwa kukosa taulo za kike. Kumwomba mama yake aliona haya. Nyumbani kwao jambo hilo halitajwi. Kijana wa dukani akaanza kumpa pakiti, bure, mwezi hadi mwezi.

"Sikujua kuna siku ataniambia na mimi nimpe," anasema. "Na nilisikia eti mara ya kwanza mtu hashiki mimba. Ningemuuliza nani?"

Kijana alipopata habari alifunga duka akatoweka. Kesi iko polisi. Darasani, kiti kilichobaki kitupu kilikuwa cha binti.

Mama Pindo hahitaji kuelezwa mara mbili. Yeye alipata mimba akiwa na miaka kumi na sita, na sare yake akapewa binamu kabla hata hajajifungua. "Nilikuwa namwona anapita nayo dirishani, na kiraka changu kiko pale pale." Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, mtoto akiwa mgongoni. Umemlisha, umesomesha watoto watatu, na huyo wa mgongoni sasa ni fundi umeme; taa za chumba hiki kafunga yeye.

"Cherehani siijutii," anasema. "Lakini sikuichagua. Niliachiwa hiyo tu. Hivyo ni vitu viwili."

Kwa hiyo kila Jumamosi huweka oda za wateja kando. Wasichana wa mtaa hukaa sakafuni, wanashona vitambaa vya hedhi kwa mabaki ya flana, vya kufua na kutumia tena. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka yenyewe. Muuguzi naye huja, na hujibu kila kitu kwa jina lake: mimba inavyoshika, njia za kuizuia, namna ya kumkatalia mtu mzima aliyekupa zawadi, mahali pa kumshtaki. Siku hizi na wavulana wanakuja. Wanajidai wameleta suruali kushonwa zipu.

Wapo wazazi waliomjia juu. "Eti nawafumbua macho watoto wao. Nikawaambia, macho yao yako wazi siku nyingi, nyie ndio mmefumba yenu."

Asubuhi hii, hata hivyo, hahubiri. Anazitandaza sketi mezani, moja huku, nyingine kule.

"Hizi ngapi?"

"Mbili. Huoni?"

"Na mabinti unao wangapi?"

Mama Pindo anauchukua mkasi.

"Nakata moja. Hii nyingine nasogeza kifungo, inamkaa huyu. Jioni wanafua, asubuhi wanavaa. Ugumu uko wapi?"

"Na mtoto? Utabaki naye wewe?"

"Nitabaki naye. Kona ile pale."

"Ili mama yake aende akaniletee wa pili?" Sauti ya muuza viatu inakwaruza. "Miezi yote hii nimebeba maneno ya watu sokoni, Mama Pindo. Mtu anajaribu kiatu huku ananiuliza hali ya mjukuu, na anamkonyeza mwenzake. Huyu akirudia, uso nauweka wapi?"

"Mama," anasema binti. Ni mara ya kwanza anauingilia ugomvi huu tangu waingie. "Sirudii. Nimekwenda kliniki, muuguzi kanipa njia ya kuzuia. Nilitaka kukwambia. Nikaogopa utasema najiandaa kurudia."

Mtoto ananyonya kwa pupa.

Mama yake anamtazama sasa, moja kwa moja. "Na vile vitambaa vyenu vya Jumamosi. Unavyo?"

"Ninavyo. Nimeshona na vya mdogo wangu. Nimeshamwonyesha vinavyovaliwa."

Muuza viatu anaziachia sketi. Kisha anazunguka meza, anampokea mtoto na kumfunga mgongoni kwa kitenge, fundo moja kali kifuani.

"Huyu habaki kwa fundi," anasema. "Ana bibi, na bibi ni mimi. Sijafa. Wakitaka kuuliza habari za mjukuu, watamwona mwenyewe. Wewe mapumziko uje sokoni umnyonyeshe, halafu urudi darasani." Anamgeukia Mama Pindo. "Kata moja, basi. Moja tu. Na huyo mdogo mpime kiuno mwenyewe, nitamleta jioni."

Mkasi unalia mezani, kiuno cha sketi ya mdogo kikisubiri kipimo cha jioni. Sketi ya pili inapelekwa kwenye cherehani, kifungo kinasogezwa, uzi unakatwa kwa meno. Mama Pindo ana mpango wa kuiwekea kona ile godoro na uzio mdogo kabla mwaka haujaisha, kwa wasichana ambao watoto wao hawana bibi wa kuwabeba. Zaidi ya hapo ana tumaini moja, na analitaja huku akiikung'uta sketi: "Nataka sketi ninazoshona zirudi kwangu kwa kuchakaa. Si kwa sababu nyingine."

Binti anatoka nyuma ya pazia. Sketi imemkaa. Miguuni ana kandambili.

Mama yake anaguna. Analifungua gunia, anaingiza mkono hadi chini kabisa, anakoficha mali ya wateja wasiobishana bei, anachomoa viatu vyeusi vya ngozi. Anavifuta kwa kiganja.

"Vua hizo."

Binti anavaa. Mama Pindo anainama, anabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba kutafuta nafasi iliyobaki. Haipo.

"Leo hukumpa vya kukulia?"

"Vya leo," anajibu muuza viatu, na anamsukuma binti yake mlangoni. "Haya, tembea. Kengele haikungoji."