Kamba ya Chazo

Kishikio cha simu kwenye kioo cha gari langu kina mpira unaonyonya, na kikibanduliwa hutoa mlio kama busu la shangazi. Kila nikiusikia, narudi Nshambya, kwetu Bukoba, nina miaka sita, nimeng'ang'ania kiuno cha Koku.

Koku alikuwa dada mdogo wa baba, na tuliishi nyumba moja. Akienda kuchota maji, nipo nyuma yake. Akimenya ndizi, nimekalia pindo la khanga yake. Jirani yetu Bi Mwanaidi, ambaye wazazi wake walitoka Tanga, alitutazama siku moja akacheka.

"Koku, umeota chazo kiunoni."

Akanieleza kwamba chazo ni samaki wa baharini mwenye kibandiko juu ya kichwa; hujigandisha kwa papa au kasa, akabebwa bure. Wavuvi wa kwao, alisema, humfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia akamnase kasa, kisha wakavuta. Mimi bahari nilijua moja tu, ile ya Ziwa Victoria inayoonekana kutoka Bukoba, kwa hiyo nilikwenda sokoni kupapasa vichwa vya sangara.

"Binti, unanunua au unawapima homa?" aliniuliza mama muuza samaki.

Kisha Koku akaolewa Kishanda, kule Muleba. Kwetu bibi harusi, omugole, alisindikizwa na msichana mdogo wa kwao, akae naye siku chache mpaka aizoee nyumba. Hakuna aliyeuliza nani aende.

Nyumba ile ilinukia nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Koku alikaa ndani, kama omugole alivyopaswa, akiwachekea wageni kwa adabu. Tukibaki wawili aliniuliza habari za nyumbani: mbuzi amezaa? Bi Mwanaidi mguu unamuuma bado? Nilimjibu yote kwa uhakika mkubwa, ingawa tuliondoka huko siku ileile, mimi na yeye.

Siku ya tano baba akaja kunichukua. Nikamkumbatia Koku kiunoni, nikafumba macho.

"Mwachie shangazi yako, twende."

"Siendi."

Baba akanivuta. Koku akayumba, nami nikayumba naye. Mama mkwe wake akatuangalia kwa muda, akaguna.

"Waitu, jamani, mtamvunja mtoto. Omugole, mpeleke mwenyewe. Lala siku mbili, urudi."

Haikuwa desturi omugole kurudi kwao mapema hivyo. Niliingia Nshambya kama mshindi, Koku kando yangu akitembea haraka kuliko sisi wote. Bi Mwanaidi alipotuona alisema tu, "Kumbe kamba imevuta." Nilidhani ananisifu.

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kujicheka. Chuoni niliiendeleza fani hiyo: nilijibandika kwa maprofesa, kwa kamati, kwa semina zenye chakula cha mchana. Mwaka jana tulimzika Koku Kishanda, kwenye migomba yake. Nikiwa nimesimama pale, mikono imejikunja tumboni, ndipo vidole vyangu vilipokumbuka kitu ambacho kichwa kilikuwa kimekisahau. Siku ile baba aliponivuta, chini ya khanga, mikono ya Koku ilikuwa juu ya yangu, imeibana kwa nguvu hadi ikauma.

Baba hakuwa akivutana na mtoto wa miaka sita.