Banda la Kasimiri Halikuruhusiwa Saruji

Kasimiri mpwa wangu hajui kukaa. Tangu mdogo, ukimpa kigoda anakipindua kuangalia kimeungwaje. Amekuwa fundi baiskeli Mwembesongo, akaendesha bodaboda, akauza kabichi za Mgeta, na hakuna kazi aliyoikalia mpaka kiti kikapata joto. Mikono ya ufundi kairithi kwangu. Miguu ya kuhangaika labda kaitoa upande wa baba yake.

Kilichommaliza ni barabara iliyokuwa ikijengwa na Wachina. Aliajiriwa kupigilia mbao za kumwagia zege, na msimamizi wake, Bwana Shu, alikuwa Mchina wa mji uitwao Nanchang. Huko, ukingoni mwa mto, kuna jumba la kale la kupumzika na kutazama maji. Bwana Shu akamwonyesha picha kwenye simu, na tangu siku hiyo mpwa wangu akawa kama kuku anayetaka kutaga na haoni kiota.

Mimi China sijafika, lakini nimesimuliwa mpaka naweza kuwatembeza. Jumba lilijengwa na mwana wa ukoo wa kifalme aliyetumwa kutawala huko, miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu iliyopita. Moto ukalila, wakajenga. Vita vikalibomoa, wakajenga. Zaidi ya mara ishirini! Nguzo nyekundu, vigae vya kijani, mapaa yamekunja ncha juu kama jogoo anayetaka kuwika, na chini ya mapaa vipande vya mbao vimepandana, kila kimoja kimemng'ata mwenzake. Kwa nje unahesabu ghorofa tatu. Ukiingia unakuta saba. Nikamwambia Kasimiri hilo si jumba, hilo ni koti la mwizi wa mahindi.

"Cheka tu, Mjomba," akasema. "Nalijenga Bigwa."

Akalijenga kweli, kando ya mto. Dogo, ghorofa moja na roshani, mbao za mtiki, kila ulimi ndani ya tundu lake, vigingi vya mti badala ya misumari, bati la kijani. Wanafunzi wa chuo wakaja kunywa soda na kupiga picha, nami nikawa nakaa meza ya mbele kuwaeleza kwamba ramani ilitoka kichwani mwangu.

Lakini sisi Waluguru ardhi inafuata mama. Ardhi ya Kasimiri ni ya lukolo letu, ukoo wa mama yake na mimi, na iko Mgeta, mteremko ambao hata mbuzi anashuka kwa breki. Mnywa soda hafiki. Kiwanja cha Bigwa ni cha ukoo wa baba yake. Pale amepewa atumie, ale, ashukuru. Asipande mti wa kudumu wala asimwage msingi. Anayeacha kitu kisichong'oka anasema kimyakimya kuwa ardhi ni yake.

Masika haya mvua ziliwahi milimani. Mto ukawa rangi ya chai ya maziwa, na kila asubuhi ukingo umepungua. Kasimiri hakutulia. Anatoka nguzo hii kwenda ile, anapiga goti, anachomeka kijiti kupima maji yamefika wapi, anarudi kukitazama. Chai inapoa, anasahau, anaagiza nyingine. Mwisho akaleta saruji na nondo, akafunika turubai.

"Nikimwaga zege kwenye nguzo, mto hauniwezi."

Shangazi yake Yuliana, ndiye msimamizi wa kile kiwanja, akatokea mchana ule ule.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Funua hilo turubai."

"Ni pumba za ng'ombe, shemeji," nikadakia.

"Ng'ombe gani, Eustace? Wewe hata kuku wako wanakula kwa jirani."

Kasimiri akafunua mwenyewe. "Shangazi, hata Wachina waliishia kwenye zege. Jumba la sasa ni zege tupu, limevishwa sura ya mbao."

"Na aliyejenga la kwanza alikuwa nani?"

"Baba mdogo wa mfalme."

"Wachina ukoo wanahesabu kwa nani?"

Kasimiri akatazama maji. "Kwa baba."

"Basi alijenga kwao. Kwenu ni Mgeta. Ukimwaga saruji hapa, kesho wanao watawaambia wanangu wahame. Mbao sina ugomvi nazo. Saruji ikigusa udongo, unaondoka."

Akakaa palepale, asitoke. Kasimiri akazunguka banda, akazunguka tena. Chini, bonge la ukingo likaanguka, chubwi!

"Mwaga," nikamnong'oneza. "Huyu nitamtuliza mimi."

"Hujawahi kumtuliza mtu, Mjomba. Nikifukuzwa hapa, nani ataniruhusu kulisimamisha tena?"

Akachukua nyundo ya mti, akagonga kigingi cha kwanza kikatoka. Sikuamini macho yangu. Kazi ya miezi, anaifungua kama mtu anayevua viatu! Akaweka alama za chaki, tukashusha bati, kenchi za paa, roshani, nguzo. Shangazi akawaita wanawe. Wakabeba mpaka juu ya kilima, naye akashika ngazi huku akinitukana kwamba nashika upande mwepesi. Turubai tukalifunikia mbao. Saruji ikalowa, ikaganda mifukoni.

Kesho yake mto ukapanda ukala sehemu yote ya mbele ya kiwanja, pale pale alipotaka kumwaga zege.

Maji yalipopungua, Shangazi akampa mahali pa juu zaidi. Mawe ya kuweka chini ya nguzo, hakuna kuchimba. Hata ile mifuko iliyoganda alikataa isitumike.

Sasa ninavyoandika, nguzo nne zimesimama, na Kasimiri anataka kuzing'oa azigeuze kidogo, eti kutoka pale mto hauonekani vizuri. Shangazi Yuliana amekaa juu ya rundo la kenchi. Amesema hainuki mpaka aone paa.