Ndoo ya Mama na Kisima cha Guyo

Nianze na aibu yangu, ili wa kucheka acheke mapema. Siku ya kwanza kazini nilikwenda kuchota udongo wa kupima na ndoo mpya ya mama, ya bati lililopakwa zinki, iliyong'aa kuliko akili yangu.

Ilikuwa Garsen, miaka ya hamsini. Nimetoka sekondari, na kazi niliyoitaka ni yoyote ya kunirudisha nyumbani kabla wali haujapoa. Afisa wa Udongo alinichukua kuwa msaidizi. Upande wa Minjila palikuwa na birika la mrututu, ng'ombe wakipitishwa humo kutibiwa kwato. Mrututu una shaba, na maji yake machafu yalimwagwa pale pale miaka mingi. Chini kidogo palikuwa na kisima cha Guyo, Muorma, jirani yetu. Guyo alifuga kondoo, na kondoo hawaivumilii shaba. Tulitaka kujua: imeshikwa na udongo wa mfinyanzi, au inatembea na maji kuelekea kisimani?

Guyo aliiona ndoo, akanipa kibuyu. "Chukua hii. Hiyo yako inanuka duka."

Nikacheka. Mimi, mtu wa sekondari, na kibuyu?

Tulisukasuka udongo na asidi kidogo, tukachuja, tukatia dawa ya kijani. Ikikutana na chembe tu ya shaba, hugeuka nyekundu. Chupa zangu zote, hata ya udongo wa kisimani, zikawa nyekundu. Afisa akafunga kisima. Ilikuwa kiangazi, basi Guyo akanywesha kondoo mtoni. Siku ya pili mamba wakachukua wawili.

Afisa akaniagiza udongo wa mbali, wa kulinganisha, usioujua mrututu. Uvivu ukanifikisha shambani kwa mama, na ndoo ile ile. Chupa ikawa nyekundu. Mama hajawahi kuosha kwato za ng'ombe wa mtu. Ndipo nikakumbuka kwamba zinki nayo, kama ile ya ndoo, huigeuza dawa ile.

Siku mbili niliificha chupa ile. Nyumbani wakadhani naumwa, maana nilikataa wali. Kila kondoo aliyelia nilimhesabu. Siku ya tatu nikamwambia Afisa.

Afisa alivua miwani. "Udongo haudanganyi. Wa kuulizwa ni aliyeuchota. Rudi."

"Na chombo gani, bwana?"

"Alichokupa mwenye kisima."

Kwa kibuyu, udongo wa kando ya birika ulitoa nyekundu, wa hatua kumi mbele waridi, wa kisimani kijani kitupu. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeishika shaba. Kisima kikafunguliwa, ila tuliendelea kukipima kila baada ya mafuriko.

Nikahamishiwa Malindi, kisha Lamu, nikilalamikia mapishi ya kote. Hadi nastaafu, chupa ikigeuka nyekundu, nilitazama chombo kwanza, udongo baadaye.

Juzi nilikuwa nawaeleza vijana haya barazani, kwa madaha kidogo. Guyo, mzee sasa kama mimi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Watu wanasema kondoo wangu wawili waliliwa na mamba. Mimi nasema waliliwa na ndoo ya mama yako."